Dakika Zilizopotelea Katikati

Matanga ya Papa Faustin yalikuwa mtaa wa Mapendo, nyumbani kwa dada yake, na padri aliyetangazwa kuanza saa nne alifika saa sita kasoro robo. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta wa mawe ya volkano, na nadhani nilitazama saa yangu ya mkononi mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu aliyekuja kulia. Mzee mmoja mwenye koti la kahawia akavuta kiti chake kando yangu, akanikagua usoni, akasema kwa Kiswahili chetu cha Goma, "Kanyere, ungali tu unapima batu?" Kumbe alikuwa Muzee Bauma, dereva wetu wa zamani, amekonda, masikio yamekuwa makubwa, lakini sauti ni ile ile ya mtu aliyezoea kuongea kuishinda injini. Tulicheka, tena kwa sauti, mpaka mama mmoja mbele yetu akageuka kutuangalia kama anayejiuliza ikiwa kweli tulimjua marehemu. Tulimjua vizuri sana. Tulimjua kwa dakika na sekunde, na hapo ndipo mwaka ule uliponirudia wote, nikiwa na sahani ya maharage mapajani.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza masomo ya kompyuta, na nilikuwa stajieri, yaani mfanyakazi wa kujifunza asiye na mkataba, kwenye depo ndogo iliyohifadhi chanjo za vituo vya afya vya barabara ya Rutshuru. Depo ilikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu, imekaa juu ya mawe meusi yasiyokubali kusawazishwa, kwa hiyo kila meza ilikuwa na karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja. Chumba cha mbele kilikuwa cha Papa Faustin, mkuu wa depo, pamoja na kompyuta yetu pekee. Chumba cha kati kilikuwa cha friji, na humo nilikaa mimi, nimevaa sweta mbili, nikihesabu visanduku. Cha nyuma kilikuwa jiko la Mama Kavugho, aliyetupikia saa sita mchana na kutupatia chai ya maziwa asubuhi, na moshi wa makaa yake ulipita kwangu kwanza kabla ya kutafuta njia ya kutoka. Mbao za kuta zilikuwa zimekauka na kuachana. Nilisikia kila neno la ofisini upande mmoja na kila neno la uani upande mwingine, na sitajifanya mtakatifu: niliegemea pale penye ufa mpana zaidi.

Papa Faustin alikuwa mtu wa salamu. Watu wa adabu Goma ni wengi, lakini yeye aliamini kwamba kazi isiyotanguliwa na salamu ni kama wizi. Hakusema "jambo" akapita. Alimuuliza mwenye goti habari za goti, mwenye deni la kanisa habari za padri, na msukuma chukudu, kigari cha mbao cha kusukuma, aliyetuletea mitungi ya maji alimuuliza hata gurudumu lake la mbao lilikuwa linaendeleaje. Jambo la pili aliloliamini ni kwamba mtu anayefanya kazi hasimamiwi. "Ukimusimamia mutu juu ya kichwa," aliniambia siku yangu ya kwanza, "unamuambia kama ni mwizi. Mupe kazi, toka, utarudi." Nilimpenda tangu siku hiyo. Nilikuwa nimesomea chini ya walimu waliopumua shingoni mwangu miaka mitatu.

Mwezi wangu wa pili alinipa kazi ya kuonyesha kama nafaa kupewa mkataba. Kila asubuhi maombi ya vituo vya afya yalikuwa kwenye jedwali la kompyuta, na yeye alipanga kwa mkono ni masanduku gani yapande garini. Nikamtengenezea makro, yaani mlolongo wa amri ambazo jedwali linazifuata lenyewe ukibonyeza mara moja. Ilikuwa na sehemu nne: ya kwanza ilikusanya maombi, ya pili ililinganisha na chanjo zilizo kwenye friji, ya tatu ilipanga vituo kwa kufuata barabara, ya nne ilichapa karatasi ya kupakia. Papa Faustin aliitazama ikikimbia kutoka mwanzo hadi mwisho, nayo haisalimii mtu, akakunja uso. "Hii mashine yako, Kanyere, inapita ndani ya nyumba yangu bila kubisha hodi." Akataka kila sehemu ianze kwa kumwomba ruhusa. Nami, kwa kutaka mkataba, ningeweka hata kengele ya kanisa. Kabla ya kila sehemu nikaweka kidirisha chenye maneno, kwa mfano: "Jambo, Papa Faustin. Kazi ya kwanza imekwisha. Naomba ruhusa niendelee." Chini yake kulikuwa na kitufe cha kubonyeza. Alifurahi mno. Alikijibu kwa mdomo kwanza, "Ndiyo, mutoto, endelea," kisha akabonyeza.

Basi baada ya hapo gari likaanza kuchelewa. Lilipaswa kutoka saa moja na nusu asubuhi, na karatasi ya kupakia ikaanza kunifikia saa mbili na robo, siku nyingine saa mbili na nusu. Nikiuliza kupitia ufa, Papa Faustin alijibu kwa upole, "Mashine bado inafikiri." Barua ikaja kutoka kwa muuguzi wa Kalengera: akina mama waliokuja na watoto wachanga walingoja, jua likapanda, wakaenda mashambani kwao, na chanjo zilipofika hapakuwa na wa kuchanjwa. Ijumaa ya wiki hiyo alikuja Mama Présidente, muuguzi mstaafu aliyeongoza komite ya depo, mwanamke mfupi ambaye viatu vyake tulivitambua kabla ya sura yake. Nilimsikia akiuliza kwa nini gari linachelewa. Nilimsikia Papa Faustin akijibu kwamba hajui, ila Muzee Bauma amekuwa mzee na chai yake ya asubuhi ni ndefu. "Mbele ya mwisho wa mwezi," alisema Mama Présidente, "kama gari ingali inachelewa, tutatafuta chauffeur mwingine. Batoto habangoje mutu mwenye kunywa chai."

Hapa niseme jambo ambalo sijivunii. Nilijua kwamba Muzee Bauma hakuwa na kosa. Kila asubuhi kutoka saa moja na robo alikuwa ameketi kwenye usukani, kofia imewekwa sawa, milango ya nyuma ya jipu iko wazi ikingoja masanduku. Chai aliinywa kwa sababu hakuwa na karatasi. Nilidhani makro yangu ndiyo nzito, kwamba maombi ya vituo yameongezeka na amri zangu za kitoto zimeelemewa, na niliogopa kwamba nikisema hivyo mkataba utaota mbawa. Nikanyamaza wiki mbili nzima. Muzee Bauma alinisalimia kila siku kupitia ufa wa upande wa uani, nami nikajibu huku nikitazama visanduku.

Mwisho nikaamua kuipima makro mwenyewe, nione ni sehemu gani inayokula muda, niirekebishe kimya kimya kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kipimo chake si kigumu. Kuna neno moja katika lugha ya makro, Timer, ambalo ukiliita linakujibu sekunde zilizopita tangu saa sita ya usiku. Unaliita mwanzoni, unahifadhi jibu. Unaliita tena mwishoni, unatoa la kwanza katika la pili. Nikaandika hivyo, nikafika depo asubuhi kabla ya Papa Faustin, nikawasha jenereta, nikabonyeza haraka haraka. Kwa macho yangu kazi ilichukua kama dakika moja. Mashine ikaniambia imechukua sekunde elfu ishirini na tano na mia mbili na ushei. Nikagawanya kwenye kiganja kwa kalamu: muda wa saa saba nzima. Mama Kavugho alinikuta nimeshika kichwa, akanipa mandazi bila kuuliza. Ilinichukua nusu ya andazi kugundua upumbavu wangu. Hesabu ya mwanzo nilikuwa nimeiweka ndani ya sehemu ya kwanza, na sehemu ikiisha, vyote vyake vinatupwa. Sehemu ya nne ilipotafuta saa ya kuanza ilikuta sifuri, ikahesabu kutoka katikati ya usiku. Sufuria iliyofungiwa jikoni mwako jirani hawezi kuipikia. Ukitaka wote waitumie, iweke uani. Nikaihamisha hesabu ile juu kabisa, nje ya sehemu zote nne, mahali ambapo kila sehemu inaiona. Nikaongeza na jambo jingine: kila sehemu iandike saa yake ya kuanza na ya kumaliza kwenye ukurasa wa nyuma wa jedwali, ambao Papa Faustin hakuwahi kuufungua.

Jumatatu karatasi ilinifikia saa mbili na dakika kumi na tano. Papa Faustin alipokwenda kula mchana nilifungua ukurasa wa nyuma. Sehemu ya kwanza: sekunde tisa. Ya pili: sekunde ishirini. Ya tatu: sita. Ya nne, pamoja na kuchapa: thelathini na sita. Nilijumlisha mara tatu, ikaja ileile, dakika moja na sekunde kumi na moja. Lakini tangu sehemu ya kwanza ianze mpaka ya nne imalizike zilikuwa dakika arobaini na tatu. Makro yangu haikuwa nzito hata kidogo. Muda ulikuwa umepotelea katikati, baina ya sehemu na sehemu, mahali ambapo sikuwa nimeandika amri yoyote isipokuwa salamu. Leo nina wanafunzi wangu, na wakiniletea makro ya polepole wote hukimbilia kupima ndani ya kazi. Nawaambia wapime pia nafasi kati ya kazi na kazi, na wananiangalia kama bibi anayeeleza mambo ya zamani.

Jumanne nikaegemea ufa wangu tangu mapema. Papa Faustin aliketi, akasoma kidirisha, akajibu, "Ndiyo, endelea," akabonyeza. Kisha akainuka, akakisogeza kiti polepole kisipige kelele, akatoka nje kwa kunyata. Hakutaka kuisimamia. Sekunde tisa baadaye mashine ilikuwa imemaliza sehemu ya kwanza na imeweka kidirisha cha kuomba ruhusa, nayo haikuweza kuendelea bila yeye. Kule uani yeye alikuwa anauliza habari za goti. Alirudi baada ya dakika kumi na moja, akasoma, akashangaa, "Ah, umeisha kumaliza? Aksanti," akabonyeza, akatoka tena. Walikuwa wanangojana kwa adabu, mmoja hataki kumsumbua mwenzake anayefanya kazi, mwingine hataki kuendelea bila ruhusa, na kati yao barafu ya masanduku ilikuwa inayeyuka na Muzee Bauma anakaribia kufukuzwa. Nilicheka nikaweka mkono mdomoni. Kisha nikakumbuka kwamba ni mimi niliyeandika vile vidirisha, kicheko kikaisha.

Jumatano nilijaribu njia ya woga. Nilivitoa vidirisha vyote isipokuwa cha kwanza. Papa Faustin akabonyeza, na kabla hajasimama karatasi ikatoka. Aliishika kwa ncha za vidole. "Kanyere, mashine imeharibika." Nikamwambia imepona. "Hapana. Jana ilifikiri saa nzima. Leo haikufikiri. Hii karatasi miye siwezi tia sinyature." Akaikunja vizuri bila saini, akaiweka kando, akaniamuru nirudishe vidirisha, na siku hiyo gari lilitoka saa tatu kasoro dakika kumi.

Alhamisi nilimweleza Mama Kavugho. Alikuwa anasafisha sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye beseni, vidole vinaruka kutoka samaki hadi samaki, na alinisikiliza bila kuinua kichwa. Nikamwambia nitapeleka karatasi ya vipimo mbele ya komite, ionekane ni nani anayechelewesha gari. "Mbele ya batu?" aliuliza. "Mutu mukubwa, umuvue nguo mbele ya batu?" Nikasema basi Muzee Bauma afukuzwe. "Sijasema vile. Nasema useme kosa yako, ile tu. Ile yake, ataona mwenyewe, macho iko nayo." Nikamuuliza itakuwaje asipoona. Mama Kavugho akaitupa sambaza moja kwa paka. "Kama hataona, basi haikuwa mutu muzuri vile tulikuwa tunafikiri. Lakini utakuwa umeokoa Bauma."

Ijumaa Mama Présidente alifika mchana, na meza ya ofisini ikatandikwa: bugali wa muhogo, sambaza za kukaanga, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese. Ulikuwa ugali mzuri na sikula hata tonge. Niliposikia jina la Muzee Bauma likitajwa niliingia na karatasi yangu bila kuitwa, jambo ambalo kwenye nyumba ile lilikuwa kosa tayari. Nikasema, "Mama, nisamehe. Muzee Bauma hana kosa. Kosa iko yangu." Nikaeleza: sehemu nne, dakika moja na sekunde kumi na moja, na baina yake dakika arobaini na mbili za kungoja. Mama Présidente alivaa miwani, akafuata tarakimu kwa kidole kimoja chenye mafuta. Hakuwa mjinga. "Mashine ilikuwa inangojea nini?"

"Ruhusa, Mama."

"Ruhusa ya nani?"

Papa Faustin alikuwa anaitazama sahani yake. Nilingoja aseme. Nilihesabu, ndiyo, mpaka saba. Kisha nikasema, "Ile ruhusa ni miye niliiweka ndani ya makro, Mama. Haikupaswa kuwa mule."

Uamuzi ulikuwa mfupi. Muzee Bauma atabaki kwenye gari. Na mimi, kwa kuweka ngojangoja ndani ya kazi ya chanjo, nitaendelea kuwa stajieri miezi sita zaidi kabla ya kuzungumzia mkataba. Papa Faustin alisema neno moja tu, "Sawa," na akalisema kwa sauti ndogo hata Mama Présidente akamwomba arudie.

Nilikasirika. Nisidanganye hapa kwa sababu marehemu amelala pale na maua. Jumamosi na Jumapili nilimkasirikia mpaka chakula kikakosa ladha, na kilichoniuma hakikuwa mkataba. Nilikuwa nimempenda mzee yule kwa sababu hakuwahi kumdhalilisha mtu, na sasa nilijiuliza kama adabu yake yote ilikuwa njia ya kukwepa mambo magumu. Mtu wa miaka ishirini na miwili anahukumu haraka. Hata hivyo Jumapili mchana nilikwenda depo, nikatengeneza makro upya. Salamu moja tu, mwanzoni, kabla ya chochote kuhesabiwa; kisha sehemu zote nne moja kwa moja bila kusimama.

Jumatatu Papa Faustin alifika saa kumi na mbili na nusu, mapema kuliko siku zote. Alizunguka ua wote kwanza, akamsalimia kila mtu mpaka salamu zikamwishia. Saa moja na dakika ishirini aliketi mbele ya kompyuta, akasoma kidirisha kimoja, akajibu, akabonyeza. Hakutoka. Alikaa na mikono juu ya magoti akiitazama mashine ikifanya kazi, kama mtu aliyelazimishwa kumtazama mgeni akila. Karatasi ilipotoka aliisoma mstari kwa mstari, akaitia saini. Badala ya kunipitishia ufani, akaibeba mwenyewe hadi uani. Tulipakia masanduku. Nilirudi ndani kufunga friji, na nikasikia kupitia mbao Papa Faustin akiwa amesimama penye dirisha la gari.

"Bauma, ile dakika ya kuchelewa, ilikuwa yangu. Mashine ilikuwa inaningojea miye. Na Ijumaa nilinyamaza, mutoto akabeba. Leo nitaandikia Mama Présidente, ajue ukweli, na ile mambo ya mkataba itengenezwe. Lakini weye nilitaka nikuambie na mudomo."

Injini ilikuwa imekwisha kuwashwa. Muzee Bauma akasema, "Papa, nilijua."

"Ulijua?"

"Niko nakaa hapa kila asubuhi. Naona mulango ya ofisi. Unatoka, unasalimia batu, unarudi, unatoka tena. Nilijua karatasi iko inakungojea."

"Na balikuwa banataka kukufukuza. Juu ya nini haukusema?"

"Papa, muke yangu iko mugonjwa tangu mwaka jana. Batu ya nyumba yetu banachoka na kuuliza, hata ndugu zake. Weye kila asubuhi unauliza. Unamutaja na jina yake. Nikaona nikikushitaki juu ya salamu, utaogopa, utaacha kuuliza."

Nilisimama katikati ya friji na sweta zangu mbili, mkono kwenye mlango usiofungwa. Halafu nikamsikia Papa Faustin akifungua mlango wa abiria, akipanda, akiketi.

"Nyota amelala namna gani leo?" aliuliza.

"Amelala vizuri, Papa. Asubuhi alikunywa uji. Kikombe muzima."

Waliongea hivyo, jipu likinguruma, masanduku yakiwa ndani, barabara ya Rumangabo na Kalengera ikingoja. Hizo dakika sikuzipima.